Cheti cha Mkono wa Kulia

Sogeeni, lakini msisogee sana, maana nchi ninayotaka kuisimulia ina masikio. Iko mbali na hapa. Nalisema hilo mapema, asije mtu akajiona ndani yake akaninunia. Ukitaka kufika huko unavuka mto, unakuta kizuizi, unaonyesha kitambulisho, unarudishwa ukapige picha mbili za pasipoti, unavuka mto tena, na umefika.

Nchi hiyo iliishi kwa amani na vitambi vyake hadi siku ambayo kiongozi wake mmoja, Mheshimiwa Dokta Evarist Kalunguyeye, alialikwa ughaibuni kuhutubia mkutano. Jukwaa la huko lilikuwa na ngazi kumi na moja. Alipofika ya tano alisimama akatazama nyuma, kana kwamba kaitwa. Alipofika ya nane alishika ukuta. Alipofika kwenye kipaza sauti hakuwa amebakiwa na pumzi ya kusema lolote, na wajumbe wa dunia nzima wakamsikiliza akihema kwa dakika nne, huku mkalimani, mtu mwaminifu kazini, akihema kwa Kifaransa.

Aliporudi nyumbani ilitolewa taarifa kwamba wananchi hawana pumzi.

Wiki hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Ukakamavu, Michezo ya Furaha na Nidhamu, na uwaziri akapewa Mheshimiwa Kalunguyeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeligundua tatizo. Agizo lake la kwanza lilikuwa fupi. Kila mwananchi atacheza nje, kwa hiari yake, kila siku saa kumi na moja jioni. Asiyejitolea atachukuliwa hatua.

*

Sasa, katika nchi hiyo palikuwa na mtaa uitwao Mchangani, na hapo alikaa mama mmoja, Bi Somoe, mwenye miaka hamsini na minane, mwepesi wa miguu na mzito wa kusamehe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anafanya mazoezi, na yeye mwenyewe hakuwahi kujishuku. Alichokuwa anafanya kila jioni kwenye uwanja wa mtaa ni kucheza rede na mama wenzake.

Asiyeijua rede na asimame pembeni nimweleze. Wawili wanasimama ncha mbili za uwanja wakiwa na mpira. Wa tatu yuko katikati, na chupa tupu na rundo la mchanga. Wale wawili wanamrushia mpira wamguse. Yeye anainama, anateka mchanga kwa kiganja, anatia chupani, anaruka, anakwepa, anajikunyata, anateka tena. Mpira ukimgusa anatoka, anaingia mwingine. Chupa ikijaa kabla hajaguswa, anapaza sauti "Rede!" na mtaa mzima unajua. Ukicheza nusu saa umechuchumaa mara sitini, umekimbia, umerusha, umenyoosha mgongo, umetukana kidogo na umecheka sana, na hakuna kiungo kilichobaki nyumbani.

Mumewe, Mzee Chitanda, alikuwa seremala mpaka kiharusi kilipomkuta. Mguu ulirudi. Maneno yalirudi, hata yale ambayo Bi Somoe angependa yasirudi. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Ulikaa mapajani umejikunja, hausikii la mwadhini wala la mteka maji.

Wa kushoto ulikuwa mzima, lakini mkono wa kushoto una kazi zake, na kila aliyelelewa anazijua. Humsalimii mtu kwa kushoto, humpi mtu kitu kwa kushoto, huutii kwenye sinia la watu. Basi Mzee akaacha kwenda harusini, akaacha kwenda matangani, akawa anakula peke yake chumbani, mlango umerudishwa. Bi Somoe alikuwa akisikia kijiko kikigonga sahani, na moyo ulimuuma.

Na harusi iliyokuwa njiani haikuwa ya jirani. Shakila, mtoto wao wa pekee, alikuwa amechumbiwa, na siku ilishapangwa. Siku hiyo baba huketi mbele ya bwana harusi, akamshika mkono wa kulia kwa mkono wake wa kulia, akamwambia nimekuoza binti yangu.

"Baba Shakila," Bi Somoe alimwambia, "sheikh kasema unaweza kumweka wakala, akaozesha kwa niaba yako."

"Siku aliyozaliwa nilimweka wakala akampokea?"

"Ulimpokea mwenyewe. Kwa mikono miwili."

"Basi."

Hospitali walikuwa wamempa kimpira cha kubinya, mara hamsini asubuhi na mara hamsini jioni. Alibinya siku mbili, akakigawa kwa paka. Kilichomtoa ndani ni mpira wa rede. Siku moja alikuwa ameketi kitini pembeni ya uwanja, mpira ukampiga begani. Mwajabu, jirani yao, muuza mihogo ya kukaanga mwenye kifua cha kurusha mpira ukatoboa mawingu, hakuomba radhi.

"Shemeji, usitukalie kama mgeni rasmi. Njoo ujaze chupa!"

Wakakubaliana kwamba Bi Somoe atakwepa na mumewe atajaza, amechuchumaa kandokando ya rundo. Wiki ya kwanza mchanga wote ulimwagika. Wiki ya nne kidole cha shahada kilijikunjua. Mwezi wa tatu alijaza nusu chupa, akasahau kwamba anaumwa, akamgombeza mkewe kwa kukwepa vibaya. Bi Somoe aligombezwa mbele ya watu na hakuwahi kufurahi vile tangu aolewe.

*

Ndipo akaja Afisa Ukakamavu wa Kata, Bwana Sadoki Mbiro. Alikuwa kijana mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi ikaogopesha. Zamani alikuwa afisa mifugo. Akahamishiwa kwa binadamu kwa sababu alikuwa na uzoefu wa kupima uzito. Alikuja na utepe wake uleule wa ng'ombe, ule unaozungushwa kifuani na kusoma kilo. Siku hiyo Bi Somoe alisomeka kilo mia na arobaini, na kwenye safu ya maoni ikaandikwa kwamba afya ni nzuri na macho hayana tongo.

Alipomaliza kupima mtaa mzima, Bwana Mbiro alikaa chini akafuta jasho. Hakukuwa na mtaa mwingine nchini wenye watu wa aina hii. Wamama wa miaka sitini waliuruka uzee wao kama hawakuuona.

"Mama, mnafanya mazoezi gani hapa?"

"Mazoezi?" Bi Somoe alishangaa. "Sisi hatufanyi mazoezi, mwanangu. Tunacheza tu."

Bwana Mbiro akaandika: Wananchi hawafanyi mazoezi.

Ripoti hiyo ilipofika Wizarani ilizua taharuki. Wananchi hawafanyi mazoezi na wana afya! Mheshimiwa Waziri aliitisha kikao cha dharura, akasema kwa uchungu kwamba afya isiyo na usimamizi ni hatari kuliko ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa angalau unajulikana uko wapi. Wajumbe wakatikisa vichwa, wakala sambusa. Ikaamuliwa kwamba uwanja wa Mchangani upandishwe hadhi uwe Kituo cha Mfano cha Taifa.

Kuupandisha hadhi kulifanyika kwa ukuta. Ulipanda hadi futi tisa.

*

Pamoja na ukuta zikaja Kanuni za Kucheza, kurasa mia mbili na nne. Sitawachosha nazo zote. Kanuni ya 9 ilisema chupa za rede zitajazwa mchanga makao makuu na kusambazwa zikiwa zimejaa, ili kumpunguzia mwananchi usumbufu. Kanuni ya 14 iliruhusu kicheko, kwa zamu. Kanuni ya 22 ilisema kila mkusanyiko wa zaidi ya watu ishirini, uwe harusi, matanga au mnada, utahudhuriwa na Afisa Ukakamavu, ambaye anaweza wakati wowote kuwaamuru wote waliomo ndani wanyooshe viungo. Na Kanuni ya 31 ilisema vyeti vya Wizara havikosei. Pale cheti na mwili vinapotofautiana, cheti kitafuatwa na mwili utarekebishwa.

Hakuna aliyejua mwili hurekebishwaje. Lakini Wizarani palikuwa na mlango ulioandikwa Urekebishaji, na mbele yake benchi ambalo watu walipendelea kusimama.

Kuingia uwanjani kulihitaji cheti cha afya njema. Mtu aliyetaka kucheza apate afya alitakiwa awe nayo kwanza, ndipo aruhusiwe kuitafuta. Mzee Chitanda alipelekwa mbele ya Bodi ya Uthibitisho wa Viungo. Daktari wa Bodi hakumgusa. Alimwambia anyooshe mkono wa kulia juu.

"Sijafika huko bado," alisema Mzee. "Lakini kuna kidole hiki, tazama, na hiki. Nipe miezi miwili ya rede."

"Mzee, fomu ina visanduku viwili. Unafanya kazi, haufanyi kazi. Kisanduku cha kidole hakuna."

Akatoka na cheti kilichopigwa muhuri mara tatu: Mkono wa kulia haufanyi kazi na hautafanya. Asiruhusiwe kiwanjani. Bi Somoe alikisoma mlangoni, akakisoma tena akiwa njiani, na akanyamaza hadi nyumbani, jambo ambalo Mzee aliliogopa kuliko cheti.

*

Wiki tatu zilipita. Vidole vikaanza kurudi vilikotoka. Bi Somoe alimletea mumewe karai la mchanga na chupa, akamwekea uani.

"Jaza."

"Nijaze niende wapi? Hakuna mpira, hakuna anayekwepa, hakuna wa kumgombeza. Mchanga bila mpira ni kazi ya ujenzi, Mama Shakila, na mimi nimestaafu."

Alisema kweli. Bi Somoe aliketi jikoni akalia kwa hasira, kilio cha dakika tatu, kisha akafuta uso akaenda kwa Mwajabu. Wakakusanya soksi kuukuu, karatasi na kamba, wakafunga mpira. Jioni hiyo uchochoro wa nyuma ya nyumba, upana wa mikono miwili, ukawa uwanja.

Kucheza nje ya Kituo kulikuwa kosa, kwa hiyo mgambo walikuja. Mgambo wakija, wamama walikimbia, wakaruka michongoma, wakabana pumzi nyuma ya matangi ya maji, wakatokea upande wa pili wakiwazomea. Siku ya pili wakaja mgambo wanane. Kufikia wiki ya tatu mchezo ulikuwa umepata upande wa pili kamili, na mgambo mmoja, aliyekuwa na tumbo alipoanza, alimwomba Mwajabu amweleze walikuwa wanakwepaje ile kona ya choo. Bwana Mbiro alipopita tena na utepe wake, afya ya Mchangani ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Wizara ikatangaza kwamba ukuta unafanya kazi.

Mzee Chitanda hakuweza kukimbia, na hakuna aliyemkimbiza. Mgambo walimkuta ameketi pale uchochoroni kila mara, mpira wa soksi mapajani, cheti mfukoni. Walisoma cheti, wakampa pole, wakaendelea kuwafukuza wengine. Wakishapita, Mzee alikuwa anaurusha mpira kwenye ukuta wa Mwajabu, penye alama ya mkaa. Kwanza ulianguka miguuni. Kisha ukafika ukutani. Kisha ukafika kwenye mkaa, na Mwajabu akalalamika kwamba rangi ya nyumba yake inabanduka.

"Nitaipaka," alisema Mzee. "Kwa mkono huuhuu."

*

Siku ya ufunguzi rasmi wa Kituo ilikuwa wiki moja kabla ya harusi. Ilipangwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe aingie katikati acheze rede, picha zipigwe, dunia ione pumzi. Lakini likazuka swali ambalo maafisa walilijadili siku mbili: nani atarusha mpira? Upande mmoja alipewa Katibu Mkuu, ambaye alifanya mazoezi ya kurusha juu angani. Upande wa pili ulitakiwa uwe na mwananchi wa kawaida, mwenye uso wa shukrani, asiye na uwezekano wowote wa kumgusa Mheshimiwa.

Bwana Mbiro akafungua jalada lake, akaona cheti cha Mzee Chitanda. Ilikuwa kama kuokota dodo chini ya mwarobaini.

"Na atarusha kwa mkono wa kulia?" aliuliza Katibu Mkuu. "Uhakika?"

"Mheshimiwa Katibu, anarushiwa Waziri. Mtu wa pale hawezi kumrushia mkubwa kitu kwa kushoto. Ni utovu wa adabu."

Wakaridhika kabisa. Mkono uliothibitishwa kufa ungerusha, na adabu ingeuzuia ule mzima. Hata bima hawakukata.

Siku ikafika. Uwanja ulifagiliwa mpaka mchanga ukaisha, ikabidi uletwe mwingine kwa lori. Wamama wa Mchangani, kwa kukosa vyeti vipya vya kuhudhuria, waliwekwa nje ya lango la nondo. Bi Somoe alishika nondo mbili akasimama hapo, Mwajabu ubavuni.

Mheshimiwa alihutubia kwanza. "Ndugu wananchi, mwili ni nchi! Kichwa ndicho serikali! Je, mmewahi kuona mguu ukienda sokoni bila kichwa?" Wananchi wakakiri hawajawahi. Kisha akavua koti, akaingia katikati na raba nyeupe na chupa iliyokwisha kujazwa makao makuu. Katibu Mkuu alirusha mpira ukapita juu ya bendera. Waziri akaruka kando kwa kishindo, makofi yakapigwa. Akaruka tena, kabla ya mpira kurushwa, makofi yakapigwa zaidi. Na watu waliokuwa karibu wanasema hapo usoni mwake kulikuja kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Alikuwa anafurahi. Jasho lilimtoka, akaimwaga chupa chini, akapiga goti aanze kuijaza mwenyewe, kama alivyofanya alipokuwa mtoto wa mtu huko kwao.

"Rusha, mzee!" alipiga kelele. "Rusha! Serikali haiogopi mpira!"

Mzee Chitanda aliutazama mpira. Akamtazama mkewe langoni. Wenyeji wanasema angeweza kuuacha uanguke. Lakini mtu aliyecheza rede akimwona mwenzake kapiga goti, kiganja kimejaa mchanga, hesabu ya akili hufanywa na mkono. Akarusha. Mpira ukaenda mnyoofu, ukamkuta Mheshimiwa katikati ya kifua, ukatoa mlio.

Mwajabu peke yake, kwa mazoea ya miaka arobaini, akapaza sauti kutoka langoni:

"Kaguswa! Toka!"

Na Mheshimiwa Dokta Evarist Kalunguyeye akainuka, akajipangusa mchanga, akaanza kutoka. Alikuwa ameshapiga hatua nne, kichwa kimeinama kama mchezaji yeyote aliyeguswa, ndipo walinzi walipomfikia wakamkumbusha yeye ni nani.

*

Iliundwa Kamati ya Kuchunguza Mwelekeo wa Mpira, wajumbe saba. Kituo kikafungwa kwa makufuli matatu, ili kulinda ushahidi. Bi Somoe aliruhusiwa kuhudhuria kama mke wa mkono unaohusika.

"Mzee," alianza Mwenyekiti, "ni mkono upi uliorusha?"

"Huu."

"Huo haufanyi kazi."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Niliambiwa."

"Unaikosoa Bodi?"

"Sijafika huko."

Hapo mwanasheria wa Wizara akaomba neno la faragha, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi. Alisema kama mkono ule umerusha, basi cheti ni cha uongo. Kama cheti kimoja ni cha uongo, itabidi vyeti vyote elfu arobaini vikaguliwe upya. Na miongoni mwa vyeti hivyo kimo cha Mheshimiwa Waziri, kinachosema ana pumzi ya swala na kiuno cha kijana wa miaka ishirini na mitano.

Wajumbe waliinama juu ya karatasi muda mrefu. Kisha Mwenyekiti akasoma uamuzi. Mkono wa kulia wa Mzee Chitanda ulikuwa mfu siku ya tukio, na kwa hiyo haukurusha. Mkono wa kushoto ulionekana na mashahidi wote ukiwa umeshika kofia. Mpira, kwa hiyo, ulijirusha, na utashughulikiwa.

Bi Somoe alishusha pumzi. Alikuwa ameishusha nusu.

"Hata hivyo," aliendelea Mwenyekiti, "mwananchi atatia saini tamko kwamba mkono wake wa kulia haufanyi kazi, na kwamba hautaonekana ukifanya kazi mbele ya mtumishi yeyote wa umma. Ukionekana, mwili utarekebishwa."

Chai ikaletwa wakati huohuo, na wajumbe wote wakageukia birika. Bwana Mbiro ndiye aliyempelekea Mzee karatasi na kalamu. Mzee, kwa malezi yake, akaipokea kalamu kwa mkono wa kulia. Akatia saini kwa mkono wa kulia, jina lote, kwa mwandiko wa mtu aliyechora mistari kwenye mbao miaka thelathini. Akamrudishia karatasi kwa mkono wa kulia. Bwana Mbiro aliutazama ule mkono, akaitazama ile saini mbichi iliyosema mkono umekufa, akapiga muhuri.

*

Harusi ilikuwa Ijumaa, na wageni walikuwa zaidi ya ishirini. Jumatano Bi Somoe alimfuata Bwana Mbiro ofisini na bakuli la vitumbua.

"Mwanangu, Ijumaa usije."

"Mama, Kanuni ya 22. Nisipokuja nitahamishwa, na mara hii sijui watanipeleka kwa viumbe gani."

"Na ukija?"

"Nikija nitaandika ninachokiona."

"Una mama?"

"Ninaye. Yuko kijijini."

"Una dada?"

"Wawili. Bado hawajaolewa." Alikitazama kitumbua, hakukila. "Nitakuja, Mama. Ni kazi."

Bi Somoe alirudi nyumbani hajui alichopewa. Usiku huo na uliofuata mumewe aliulizwa mara tano kama hataki wakala. Alikuwa amekaa kitandani akifungua na kufunga ngumi.

Ijumaa ikafika. Wanaume walijaa sebuleni na kanzu zao, wanawake wakajaa uani, na Bi Somoe akajibanza nje ya dirisha la sebule, pazia kalisogeza kwa kidole. Bwana Mbiro aliketi karibu na mlango, daftari gotini, kalamu imefunguliwa. Mzee Chitanda aliketi mkekani mbele ya mkwewe, mkono wa kulia mapajani, umejikunja. Sheikh akamaliza hotuba.

"Haya, Mzee," alisema Sheikh. "Mkono."

Mzee hakuuinua. Alimtazama Bwana Mbiro. Sheikh naye akamtazama Bwana Mbiro. Bi Somoe akaivuta kanga akaiuma ncha.

Bwana Mbiro akasimama, akakohoa.

"Kwa mujibu wa Kanuni ya 22," alisema kwa sauti ya ofisi, "wote waliomo ndani, ukiacha wenye shughuli, wageukie ukutani kwa ajili ya kunyoosha viungo. Shingo kwanza. Polepole. Wala asiharakishe mtu."

Wazee walinung'unika, lakini kanuni ni kanuni. Kanzu arobaini zikageukia ukutani. Bwana Mbiro aligeuka wa kwanza, kwa kuwa afisa huonyesha mfano, akabandika pua kwenye kalenda, akaanza kuhesabu kwa sauti kubwa. Nyuma ya mgongo wake Mzee Chitanda alikuwa akisema, maneno yanamtetemeka, nimekuoza binti yangu Shakila. Bwana Mbiro alifika tisa, akarudi saba, akahesabu upya, mpaka aliposikia kijana akijibu nimekubali. Ndipo akasema kumi.

Kisha akafungua daftari akaandika kweli tupu: Shughuli imefanyika. Viungo vimenyooshwa. Sikuona mkono wowote.

Mtu mmoja tu hakugeuka. Kanuni ilisema waliomo ndani, na Bi Somoe alikuwa nje, dirishani, kauma ncha ya kanga, analia huku anacheka, akivihesabu vidole vya mumewe vilivyofumba juu ya mkono wa mkwewe. Vilikuwa vitano.